Mfano wa Tano

Kijiko kiligonga ubavu wa kikombe mara tatu, kikanyamaza. Kikagonga tena mara moja, taratibu, kama cha mtu aliyekumbuka kwamba wenzake wamelala.

Bibi alifumbua macho. Nje kulikuwa bado giza. Hii ilikuwa asubuhi ya kumi na moja mfululizo kukisikia kijiko hicho. Mjukuu wake, binti wa miaka kumi na minne, alikuwa jikoni peke yake, anakunywa chai na kula mkate gizani, ili kukipambazuka awe ameshamaliza, ameosha kikombe na kurudi chumbani kwake kujifungia. Kwa njia hiyo hakulazimika kukaa meza moja na mama yake. Mchana alikula shuleni. Jioni alisema ameshiba. Tangu Jumamosi ya wiki ya juzi hakuwa amemwambia mama yake neno, si zuri wala baya.

Na hii ilikuwa nyumba ya watu ambao kazi yao ni kusikiliza. Bibi alikuwa amekaa na familia za watu kwa miaka thelathini na minane, akisikiliza magomvi na vilio na ukimya, ambao ndio mgumu kuliko vyote. Binti yake, mama wa huyo mtoto, alikuwa mkuu wa chuo kinachofundisha kazi hiyohiyo. Mtaani walimwita Daktari, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Seremala wa jirani alipenda kuwatania: "Nyumba yenu nyinyi, mtu akipiga chafya hamumwambii pole. Mnamuuliza ilianza lini."

Bibi akavaa kandambili, akatoka chumbani akipapasa ukuta. Hakuwasha taa. Alivuta kiti, akakaa. Baada ya muda akasikia kopo la sukari likisukumwa juu ya meza mpaka likagusa vidole vyake, na kikombe cha pili kikimiminiwa chai.

Hilo alilitia moyoni. Mtoto aliyefunga mlango bado anakumbuka bibi yake anapenda sukari.

"Umewahi kuamka, mke mwenzangu," Bibi alisema.

"Wewe ndiye umewahi. Mimi ndiyo saa yangu hii."

"Saa ya wezi na waoka mikate."

Mtoto hakucheka. Akasema, "Basi ni yangu kabisa. Si mimi mwizi?"

Bibi akakoroga chai yake. Neno hilo alikuwa analisubiri siku kumi na moja.

"Nani kasema?"

"Ukurasa wa thelathini na moja."

*

Chuo chao kilianzishwa na nesi mmoja wa wodi ya wagonjwa wa akili. Nesi huyo aliona watu wanaruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa wazima, halafu baada ya mwezi wanarudi, kwa sababu huko nyumbani hakuna anayezungumza nao. Siku moja akatoa viti vya wodi nje, akaita familia ya mgonjwa na majirani zake, akawakalisha duara. Bibi alikuwa mmoja wa wagonjwa wa mwanzo, wakati huo fundi cherehani kijana aliyezika mtoto akapoteza sauti. Hakupewa dawa ya kunywa siku hiyo. Aliulizwa kama anaweza kupinda mapazia ya wodi, maana yamechanika na wagonjwa wanapigwa jua machoni. Akapinda mapazia ishirini na mawili. Kwenye pazia la tisa akaomba uzi mweupe, na lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miezi minne.

Nesi alishafariki. Alichoacha ni kadi moja ya kuandikia joto la mgonjwa, ambayo nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi namna ya kufanya kazi ile. Viti vyote viwe sawa, na cha msikilizaji kisiwe bora kuliko cha msikilizwaji. Asisemwe mtu ambaye hayupo. Asiondoke mtu kabla hajapewa jambo la kumfanyia mwenzake. Na siku ya tatu, mtu amtembelee msikilizwaji. Basi. Kadi yenyewe ilikuwa kwenye fremu, ukumbini, juu ya swichi ya taa.

Lakini Baraza linalotoa vibali vya vyuo halisomi kadi. Daktari alikuwa ameandika barua miaka minne. Wanafunzi wake walipokwenda kuomba kazi hospitalini walipewa ufagio au waliambiwa wasubiri nje. Baraza lilitaka mwongozo wenye sura, majedwali na mifano. Basi akaandika. Aliandika usiku na mchana kwa mwaka mzima, kurasa mia na kumi na mbili, na Bibi aliona jinsi macho yalivyomwingia ndani, akamwonea huruma. Haikuwa kazi ya ubinafsi. Aliifanya kwa ajili ya wale waliopewa ufagio.

Ila mifano ilitakiwa mitano, na yeye alikuwa na minne. Hakutaka kutumia habari za familia yoyote bila ruhusa yao. Akaangalia karibu zaidi.

*Mfano wa Tano. Binti wa miaka kumi na minne, mtoto pekee. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mama ni mtaalamu. Binti huchukua kwa siri vitu vidogo vya mama: kalamu, kitana, ufunguo wa ofisi. Kusudi lake ni kumtawala mama.*

Jina halikuwepo. Daktari aliona inatosha. Lakini chuo kile kina wanafunzi kumi na wanne, na wote wanajua ni mtaalamu gani mumewe anaendesha lori.

Jumamosi ile ya wiki ya juzi, mtoto alikuwa amempelekea mama yake chuoni miwani aliyoisahau nyumbani. Kwenye korido kulikuwa na benchi, na mwanafunzi mmoja amekaa, mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, anasoma mwongozo mpya. Mtoto akakaa kando yake kusubiri. Mwanamke yule akainua macho, akamtazama, akatazama kitabu, akamtazama tena. Halafu, bila kusema lolote, akauchukua mkoba wake uliokuwa katikati yao, akauhamishia upande wa pili.

Pengine hata yeye hakujua kwamba ameuhamisha. Mtoto alijua.

*

"Leo mkaguzi anakuja," mtoto alisema gizani.

"Anakuja, saa nne."

"Na kile kitabu ameshakisoma."

"Walimpelekea mapema."

"Basi na yeye ananijua."

Bibi aliweka kikombe chini. "Hakujui. Anajua alichoandika mama yako. Niambie, kile kilichoandikwa pale ni kweli?"

Nje, mtu alipita anaburuta toroli.

"Vitu nilichukua," mtoto alisema. "Sababu yake siyo ile."

"Sababu yake ni ipi?"

"Hukuniuliza wewe ulipokisoma. Ulikisoma, Bibi, nilikuona. Ulikisoma barazani, ukakunja ukurasa, ukanyamaza."

Ilikuwa kweli. Bibi alikuwa amekisoma kabla hakijachapwa, akaona si sawa, akajiambia binti yake amechoka, atamwambia baadaye. Miaka thelathini na minane ya kusikiliza, na mtoto wa ndani ya nyumba anamfundisha kazi.

"Umenikamata," alisema. "Nilinyamaza, na sikufanya vizuri. Nisamehe."

Mtoto alinyanyuka akaosha kikombe chake. Akaosha na cha bibi yake, ingawa chai ilikuwa haijaisha. Mlangoni akasimama.

"Mama akitaka kujua sababu, aniulize pale anapowauliza watu wengine. Kwenye viti. Si chumbani kwangu amesimama mlangoni na simu mkononi."

"Mlango wa ukumbi haufungwi," Bibi alisema. "Unajua hivyo. Mimi sikuvuti, wala sikusukumi."

*

Saa moja na nusu, Daktari alikuwa anapiga pasi blauzi yake mezani na simu ameibana kwa bega. Ilikuwa familia ya muuza viatu, ambayo ilikubali kukaa kwenye viti mbele ya mkaguzi.

"Naelewa... Hapana, haandiki majina... Kalamu atakuwa nayo, ndiyo, lakini... Naelewa kabisa. Msalimie mama." Akaishusha simu. "Hawaji. Mzee anasema hawezi kulia mbele ya mtu mwenye tai."

"Hana makosa," Bibi alisema.

"Mama, tafadhali. Leo usinifanyie hivyo. Mtu wa Baraza anafika saa nne na sina familia."

"Unayo."

Daktari aliinua pasi. Alimwelewa mara moja. Ndiyo shida ya kuzaa mtu mwerevu. "Unataka nikae mimi? Na yule mtoto? Mbele ya mkaguzi, majirani na wanafunzi wangu? Unataka kunivua nguo hadharani, Mama?"

"Yeye ulimvua kwa nakala sitini."

"Sikuandika jina!"

"Na mimi sina jina mtaani, naitwa Bibi. Lakini nikiitwa nageuka."

Daktari alikandamiza pasi kwenye kola mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Bibi alinyoosha mkono akaichomoa kwenye umeme.

"Nikikiondoa kitabu, hakuna kibali," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Unajua ni watu wangapi wanasubiri kibali hicho?"

"Kumi na wanne. Nawajua wote na watoto wao."

"Basi unataka nini?"

"Nataka ukifika ukumbini uangalie juu ya swichi kabla hujawasha taa. Kola yako imeungua kidogo, geuza skafu huku. Hivyo. Hakuna atakayeona."

*

Ukumbi wa chuo ulikuwa zamani chumba cha kufulia cha hospitali. Sakafu yake ina mfereji katikati, na watu wamezoea kuuruka. Viti ishirini na vinne vya mbao, vyote kazi ya seremala wa jirani, vilikuwa duara. Kingine kimoja kilikuwa cheusi, cha ofisini, chenye magurudumu na mgongo mrefu. Kilikuwa kimeazimwa kwa ajili ya mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwembamba, mwenye tai ya kijani na viatu vya zamani vilivyosuguliwa sana. Alikaa kwenye kiti cheusi, na kwa kuwa sakafu imeinama kuelekea mfereji, kiti kikaanza kuondoka naye polepole. Akajizuia kwa mguu. Seremala alimwangalia kwa heshima zote.

"Hivyo vya kwetu havitembei, mzee," alisema. "Vimefundishwa adabu."

Watu walicheka. Mkaguzi hakucheka, lakini aliinuka, akakisogeza kile kiti ukutani, akachukua cha mbao. Bibi aliliona hilo. Akamsogelea na kumwonyesha kipi hakina msumari uliochomoza.

Majirani walikuwa kama tisa, wale wanaokuja kila Jumatano. Mwanamke mwenye mkoba alikuwepo pia, miongoni mwa wanafunzi, amekaa kimya kuliko kawaida yake. Daktari alisimama, akaeleza kwamba familia imepata udhuru, na kwamba kwa ruhusa ya mgeni angeeleza kazi yao kwa kutumia mwongozo.

"Vizuri," mkaguzi alisema, akafungua nakala yake. Ilikuwa imejaa vikaratasi vya rangi. "Kama ni hivyo, naomba tuanze na Mfano wa Tano. Ukurasa wa thelathini na moja. Kusema kweli ndio ulionivutia. Umeandikwa kwa ukaribu sana."

Mwanamke mwenye mkoba aliangalia miguu yake. Daktari alifungua kitabu, akapitisha kidole ukurasani. Kisha, kabla hajaanza kusoma, mdomo wake ulifanya kile ulichozoea kufanya kila Jumatano kwa miaka kumi na tisa. Katika ukumbi ule, hakuna habari ya mtu inayoanza bila swali moja, na msikilizaji ndiye huliuliza.

"Anayesemwa yupo?"

Alilisema kwa mazoea tu, kama mtu anavyopangusa miguu mlangoni. Kwa kawaida mwenyewe hujibu, au jamaa yake, halafu kazi inaendelea. Safari hii hakuna aliyejibu. Daktari alisikia swali lake mwenyewe likizunguka kuta na kumrudia. Bibi alimwona akiinua macho, si kwa watu, bali juu ya swichi.

Bibi angeweza kusema kitu. Alikuwa nacho mdomoni. Akaubana mdomo, akahesabu viti.

"Yupo."

Sauti ilitoka mlangoni. Mtoto alikuwa amesimama pale na sare za shule, begi mgongoni, jasho usoni. Alikuwa amekimbia kutoka darasani. Baadaye ilijulikana kwamba aliomba ruhusa ya kwenda msalani.

Mkaguzi aligeuka. "Huyu ni nani?"

"Mimi ndiye Mfano wa Tano," mtoto alisema. "Shikamoo."

"Marahaba," mkaguzi alijibu, na kalamu yake ikabaki hewani.

Hakuna aliyejua la kufanya, kwa hiyo seremala akafanya. Aliinuka, akashika kiti chake kwa mkono mmoja, akakiweka mbele ya Daktari. "Kaa, mwanangu. Hicho ndicho nilichokitengeneza nikiwa sina haraka." Na mtoto akakaa, magoti pamoja, begi bado mgongoni.

Daktari alibaki amesimama na kitabu. Bibi alijua kinachopita kichwani mwake, maana alimlea: mkaguzi, kibali, wanafunzi kumi na wanne, kola iliyoungua. Halafu Daktari akakifunga kitabu. Hakukiweka mezani. Alimpa mkaguzi mkononi, akasema, "Naomba unishikie." Akavuta kiti cha mbao na kukaa, goti lake likakaribia kugusa goti la mwanawe.

"Ulichukua kalamu yangu," alisema. Sauti haikuwa ya ofisini. "Ulichukua kitana. Ulichukua ufunguo. Nikaandika sababu bila kukuuliza. Sasa nakuuliza. Kwa nini?"

Mtoto aliangalia mfereji wa sakafuni.

"Ukisahau kitu huwa unarudi," alisema.

"Sijakuelewa, mwanangu."

"Asubuhi ukishatoka, umetoka. Mpaka usiku. Ila ukisahau kitu unarudi. Siku ya kalamu ulirudi ukiwa umefika kona. Siku ya kitana hukurudi, kwa sababu kitana siyo muhimu. Siku ya ufunguo ulirudi saa tatu. Nilikuwa na homa, sikwenda shule. Ukautafuta mpaka chumbani kwangu. Ukakaa kitandani, ukainua mto, ukaniuliza nimeota nini." Alifuta pua kwa mkono wa sare. "Nilikuambia nimeota tunahama. Ukacheka. Ukakaa tena dakika kama kumi hivi. Nilikuwa nimeuficha kwenye soksi."

Jirani mmoja, mama mtu mzima mwenye duka la vifungo, alitoa leso akajifanya anapenga kamasi.

"Sitaki kukutawala," mtoto alisema. "Hata sijui mtu anatawalaje. Nilitaka urudi tu."

Daktari alikuwa amefundisha watu namna ya kupokea maneno kama hayo. Kuna sura nzima, ya saba, kuhusu uso wa msikilizaji. Hakutumia hata mstari mmoja. Alilia kwa mdomo wazi, bila ustadi, na alipotaka kusema kitu kikatoka nusu nusu.

"Niliandika uongo," alisema. "Kurasa mbili nzima. Nimekosa mara mbili, nimekusema ukiwa hupo, na nimekusema vibaya. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto alitikisa kichwa kidogo, namna ya kusema amesikia. Bibi, aliyekwisha kuona misamaha mingi ikilazimishwa, aliridhika na huko kutikisa kichwa. Msamaha ungekuja kwa miguu yake.

Ndipo mwanamke mwenye mkoba alipoinuka. Alivuka duara, akauruka mfereji, akasimama mbele ya mtoto kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Alivua mkoba begani akauweka mapajani mwa mtoto.

"Nishikie," alisema. "Nakwenda kukuletea maji. Mtoto wa watu, umekimbia jua lote hili." Na akatoka bila kugeuka nyuma, na akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kujaza bilauri.

*

Kabla hawajatawanyika, Bibi aliuliza kama kawaida: nani anampa nani kazi gani? Seremala akasema ana viti sita vinavyochezacheza, na anamtaka Daktari Ijumaa jioni amshikie miguu ya viti wakati gundi inakauka.

"Miguu sita?" Daktari aliuliza, macho mekundu.

"Viti sita, Daktari. Miguu ni ishirini na minne. Hesabu siyo kazi yako, wewe shika tu."

Mtoto alipoulizwa, alifikiri, akasema yeye atamwandikia mama yake Mfano wa Tano upya. "Uwe wa kweli. Halafu nikikataa usichapwe, usichapwe."

"Usichapwe," Daktari alisema.

Mkaguzi alikuwa hajaandika kitu tangu kalamu iliposimama hewani. Daktari alimgeukia. "Mwongozo huo naomba nirudishiwe. Nitauandika tena, na kila mtu aliyemo ndani atausoma kwanza."

"Unajua maana yake," mkaguzi alisema. "Bila mwongozo siwezi kupeleka jina la chuo mwaka huu. Kikao ni mwezi ujao."

Daktari aliwatazama wanafunzi wake. Mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine, kijana aliyewahi kupewa ufagio hospitalini, akasema kwa sauti, "Mwaka ujao, basi. Kufagia tumeshazoea." Wakacheka, na katika kicheko kile hakuna aliyekuwa peke yake.

"Mwaka ujao," Daktari alisema.

Mkaguzi alimrudishia kitabu, kisha akasimama mbele ya ile kadi ndani ya fremu, mikono nyuma. Aliisoma yote, na haikumchukua hata dakika. Alitoa kalamu akainakili kwenye daftari lake, neno kwa neno. "Nimekagua vyuo kumi na saba," alimwambia Bibi walipokuwa wanaagana mlangoni. "Haya ya kadi hii yawekeni ukurasa wa kwanza. Msiyapambe."

"Utakunywa chai?"

"Nina gari linanisubiri." Lakini alikunywa, amesimama, na alirudisha kikombe mwenyewe.

*

Orodha ya matembezi ya siku ya tatu ilikuwa mikononi mwa Bibi tangu enzi za Nesi. Ijumaa jioni Daktari alirudi nyumbani na gundi kwenye kucha, akakuta jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. *Jumamosi, saa tatu. Mwenyeji: binti wa chumba cha mwisho.*

"Mama, tunaishi nyumba moja."

"Ndiyo maana hujawahi kwenda."

Jumamosi, Bibi alikaa koridoni na kikapu cha nguo za kushona, mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kuonekana anasikiliza. Asubuhi ile alikuwa amekisikia kijiko saa kumi na mbili na nusu, kukiwa tayari kumekucha, na vikombe mezani vilikuwa vitatu. Mtoto hakuzungumza sana, ila alimsogezea mama yake mkate.

Saa tatu kamili Daktari alitoka chumbani kwake. Alikuwa amevaa gauni la kutokea na hakushika simu. Alibeba kiti cha jikoni. Akafika kwenye mlango wa mwisho, akashusha pumzi kama mtu anayekwenda kuposa.

"Hodi."

Ndani kitu kikaburutwa, kabati likafungwa kwa haraka, na sauti ikasema, "Subiri, kuna fujo." Halafu: "Karibu."

Mlango haukufungwa. Bibi alitunga uzi kwenye sindano, akakosa tundu, akatunga tena. Mwanzoni maneno yalikuwa machache, kama ya watu wawili kwenye foleni. Baadaye akasikia karatasi zikifunuliwa, na sauti ya mtoto inasoma: "Mfano wa Tano. Kuna mtoto mmoja ambaye mama yake ana kazi nyingi sana na miguu yenye haraka." Na Daktari akicheka, akiuliza, "Miguu yenye haraka?" Na mtoto, "Usinikatize, bado." Baada ya hapo akazungumzia ndoto, na msichana wa darasani anayemwigiza, na baba yake ambaye kila akipiga simu huuliza habari za mvua. Pindo la sketi likaisha. Bibi akaanza lingine ambalo halikuwa na haja ya kupindwa.

Saa nne na nusu kiti kilisogea. Daktari alitoka akiwa amekibeba, akasimama kizingitini.

"Mama," mtoto aliita. "Umeacha ufunguo wako kitandani."

"Najua. Nimeuacha."

Bibi alishikilia sindano hewani. Kutoka chumbani ufunguo ulilia kidogo, kama unaviringishwa kiganjani.

"Basi uufuate kesho," mtoto alisema. "Na keshokutwa uje tena, hata kama hujasahau kitu."